Kitufe cha Kikombe Kikubwa

Mjinga wa siku ile alikuwa Bwana Povu, na tuseme mapema ili tusipoteze muda kumtafuta mwingine. Alikuwa amesimama jikoni kwake na kisu cha meza mkononi, akibandua plasta kwenye mashine ya kahawa kwa uangalifu wa mtu anayetoa mwiba kwenye kidole cha mtoto, huku akipiga mluzi. Plasta ile alikuwa akiibandua kila siku na kuibandika tena. Leo ilikuwa imechoka. Ikachanika katikati, nusu ikabaki kwenye kisu.

"Haya," mkewe akasema. "Binti yako akirudi atauliza."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, miguu juu ya stuli. Ilikuwa imevimba na kung'aa kama viatu vilivyopigwa rangi, na ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

"Akiuliza nitamwambia ni joto. Mashine ina joto, plasta ina gundi, na gundi haipatani na joto. Hiyo ni sayansi, mama watoto."

"Sayansi ya wapi?"

"Ya ghorofa ya tatu."

Ghorofa ya tatu ndiko alikomalizia ujana wake na kuanzia uzee: mpika chai wa ofisi ya bima. Alikuwa na birika kubwa, sinia, na mgongo ulionyooka. Alijua nani hutia sukari na nani husingizia kwamba hatii. Kisha siku moja mashine ikaja ndani ya boksi, nyeusi, fupi, yenye mdomo mmoja na vitufe vitatu, na juu ya kila kitufe kumechorwa kikombe: kidogo, cha kati, kikubwa. Unatia kikopo cha kahawa kinacholingana na kizibo cha chupa pana, unafunga kifuniko, unabonyeza, inakoroma, inatema. Mtoto anaweza. Na kwa kuwa mtoto anaweza, birika likapelekwa stoo, naye akabakishwa kujaza maji na kumwaga vikopo vilivyotumika. Povu la kahawa lililokuwa likimrukia shatini ndilo lililompa jina. Vijana wa ofisini walianza kwa utani, baadaye hata mkewe akaona linamfaa kuliko alilopewa na wazazi.

Mwishowe kibarua kikaota nyasi. Siku ya kumuaga walimpigia makofi, wakamkabidhi zawadi, mashine ile ile, maana walishanunua mpya. Ni wachache wanaopewa kilichowafukuza kazini, tena kimefungwa utepe. Aliibeba kifuani njia nzima kama mtoto mchanga, na hakuona kichekesho chake mpaka alipofika mlangoni, mkewe alipocheka hadi akashika ukuta. Wakati ule mkewe alikuwa bado anacheka kwa pumzi nzima.

Figo hazikupiga kelele zilipokufa. Zilianza kwa uchovu, zikaja na miguu, zikamaliza na uso uliovimba asubuhi. Binti yao, mpiga pasi kwenye duka la dobi, ndiye aliyempeleka mama kwa daktari, na ndiye aliyeingia naye ndani. Bwana Povu alibaki kwenye benchi la nje. Alisema chumba ni kidogo, watu wengi watamkosesha daktari hewa. Ukweli ni kwamba aliyaogopa maneno ya daktari kama wengine wanavyoogopa sindano. Kwa hiyo yote aliyoyajua kuhusu ugonjwa wa mkewe aliyapata mitumba: binti akimweleza jioni huku akivua viatu, naye akiitikia "ehe, ehe" huku akipangusa mashine.

"Mwili wake hautoi maji tena, baba. Akinywa, yanabaki. Ile mashine ya hospitali ndiyo inayoyatoa, na haiwezi kuyatoa yote kwa mkupuo. Yakizidi yanapanda kwenye mapafu. Unanisikia?"

"Ehe. Maji."

Akasikia maji. Akayaweka kichwani kama maji, yale ya kwenye jagi, ya kwenye glasi, ya bombani. Binti akawa anajaza kila asubuhi chupa ndogo yenye kifuniko cha bluu, na hiyo ndiyo riziki ya mama mpaka kesho yake. Zaidi ya hapo, kahawa kikombe kidogo baada ya chakula cha mchana, kwa sababu daktari alisema binadamu lazima aachiwe kitu. Na ili pasiwe na maneno mengi, binti akabandika plasta juu ya vitufe viwili vilivyobaki.

Plasta ile ilimuuma Bwana Povu kuliko siku alipofukuzwa kazi. Na hapo ndipo ujinga wake ulipovaa suti.

Maana kwake yeye, kitufe cha hatari kilikuwa kile kidogo. Kikopo ni kile kile, kahawa ni ile ile. Ukibonyeza kidogo, inatoka nyeusi, nzito, chungu, ya kumkodoa mtu macho. Ukibonyeza kikubwa, kahawa hiyo hiyo inatoka nyepesi, rangi ya mbao, haigombani na mtu. Meneja aliyekuwa na presha alikuwa akimwambia, "Mzee, nipe kikubwa, daktari kanikataza kali." Na wateja waliokuja kuambiwa kwamba bima haitawalipa, nao walipewa kikubwa, ili mikono yao iwe na cha kushika wakati wanaambiwa. Miaka nenda miaka rudi kikubwa kilikuwa cha wagonjwa na cha wa kuhurumiwa. Leo huyu msichana, aliyemfundisha mwenyewe kufunga kamba za viatu, anamfungia mama yake kwenye kahawa kali?

"Kahawa si maji," alimwambia mkewe siku ya kwanza alipoibandua. "Maji ni maji, kahawa ni kahawa. Na hii ni nyepesi, haimdhuru hata panya."

Mkewe alikitazama kile kikombe. Alikitazama muda mrefu, moshi ukimpanda usoni.

"Una hakika?"

"Mimi? Nimepikia watu vinywaji maisha yangu yote!"

"Sijakuuliza kama unajua kupika."

Lakini tayari alikuwa amekishika kwa mikono miwili. Tangu augue, alikuwa anaishi na kiu kama mtu anavyoishi na mpangaji mkorofi. Alisukutua maji akayatema, na kutema kulimgharimu. Alimung'unya kipande cha barafu mpaka meno yakauma. Jirani akifungua bomba upande wa pili wa ukuta, aliacha anachosema, akasikiliza mpaka ndoo ijae. "Hata ile ndoo naionea wivu," alisema siku moja, na Bwana Povu akacheka, maana ilisemwa kwa namna ya kuchekesha. Sasa alikunywa macho yamefungwa, koo likipanda na kushuka, na hakukiweka kikombe chini mpaka kikawa chepesi. Kisha akatoa sauti ambayo mumewe hakuwa ameisikia kwa miezi. Sauti ya mtu aliyetua mzigo.

Mwambie mwanamume aliyesikia sauti ile kwamba amekosea. Jaribu.

Basi ikawa kila siku. Mchana, binti akiwa kazini, plasta inatoka, kikubwa kinabonyezwa, kikombe kinaoshwa, plasta inarudi. Bwana Povu alipata tena kazi. Hata mgongo ulinyooka.

Tatizo likajitokeza kwenye mizani. Kila kabla ya kusafishwa damu mgonjwa hupimwa uzito, na uzito ukipanda kupita kiasi, hayo si mafuta, ni maji. Jioni moja binti alirudi kutoka hospitali na mama yake, akamkalisha, akaja jikoni akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Kilo nne, baba."

"Zimefanyaje?"

"Zimeongezeka. Muuguzi kaniuliza mbele za watu: dada, unamnywesha nini mama yako, kisima? Nilitamani ardhi inimeze."

"Labda mizani yao ni mbovu."

"Mizani ya wagonjwa wote?"

"Mashine zina siku zake, mwanangu. Mimi nimeishi nazo."

Binti hakucheka. Alichukua chupa yenye kifuniko cha bluu, akaishika mbele ya taa, akafikiri. Kisha akaenda nayo kwenye sinki na kumwaga sehemu ya maji, polepole, kama mtu anayemwaga kitu cha mwenzake. Mama alikuwa akitazama kutoka kwenye kiti chake.

"Nisamehe, mama. Kuanzia leo itakuwa hapa." Akaonyesha kwa ukucha.

Mama aliutazama ukucha, akaitazama sinki, halafu akamtazama mumewe. Bwana Povu akadhani anaombwa msaada. Hivyo ndivyo jambo zima lilivyopita mbele ya watu watatu bila mtu kulishika mkia.

"Huo ni ukatili," Bwana Povu alinong'ona binti alipokwenda kulala. "Hata mfungwa hupewa maji. Usijali. Nipo."

Kesho yake akabonyeza mara mbili.

"Leo viwili?" mkewe akauliza.

"Kimoja cha mchana. Cha pili cha kumkomoa binti yako."

Mkewe akacheka, kicheko kikakatwa na kikohozi. Mizani ikapanda tena, chupa ikapunguzwa tena, na kadiri chupa ilivyopungua ndivyo Bwana Povu alivyozidisha huruma. Binti alipunguza kwa sababu ya vikombe asivyovijua. Baba aliongeza vikombe kwa sababu ya chupa aliyoiona. Walikuwa kama watu wawili wanaovuta kamba ndani ya nyumba moja, kila mmoja akijiuliza mbona kamba haiji, na katikati ya kamba amefungwa mtu.

Mkewe akaanza kulala ameketi, mito imepangwa nyuma yake. Akilala chali anasema anazama. Bwana Povu alilifikiria sana jambo hilo, akagundua chanzo. Akaligeuza godoro.

Sasa turudi jikoni, Jumapili ile, plasta imechanika. Jumapili ni siku mbaya kwa watu wa figo. Hospitali haiwasafishi mpaka Jumatatu, na maji ya siku mbili hukaa pamoja mwilini. Binti alikuwa ameitwa kazini, kulikuwa na harusi ya watu na mashati yao mengi. Kabla ya kutoka alimwonyesha baba chupa, akamwonyesha mashine, akamwonyesha kidole.

Bwana Povu akatia kikopo, akabonyeza kikubwa. Mashine ikakoroma. Akatia kingine. Mkewe alivinywa vyote viwili, cha pili kwa mapumziko, akiegemeza kikombe kifuani. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo mumewe hakuipenda.

"Nifungulie dirisha," akasema baadaye, jua likiwa bado kali nje.

"Liko wazi, mama watoto."

"Basi fungua lingine."

Halikuwapo lingine. Chumba kile kilikuwa na dirisha moja tangu kijengwe. Bwana Povu alisimama katikati, akageuka huku na huku kama mtu aliyeambiwa alete kitu akasahau ni nini. Pumzi ya mkewe ilikuwa imeanza kutoa mlio wa mrija kwenye glasi inayokaribia kwisha. Mikono yake ilishika ukingo wa kiti. Macho yalikuwa makubwa, na yalikuwa yanamtazama yeye.

Alimbeba. Yeye mwenyewe hakujua baadaye, kwa uzee wake, aliubebaje mwili ule uliojaa maji mpaka kwenye gari la jirani. Njiani alimshika mkono akimwambia tunafika, tunafika, na jirani akipiga honi hata pasipokuwa na gari.

Hospitalini wakampokea kwa mbio, wakamvalisha barakoa ya hewa, wakamsukuma ndani. Safari hii benchi la nje halikumwokoa, kwa sababu muuguzi alimshika mkono akaingia naye. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti iliyochoka.

"Mzee, leo amekunywa nini?"

Bwana Povu alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. Alitoa mfukoni ile chupa yenye kifuniko cha bluu, akaiinua juu ili ionekane.

"Tazama mwenyewe, dada. Maji hajayamaliza. Imebaki karibu nusu."

"Kingine?"

"Kahawa tu."

"Kiasi gani?"

Akaonyesha kwa viganja, kimo na upana. Muuguzi akavitazama viganja.

"Vingapi hivyo?"

"Viwili. Lakini nyepesi, dada. Kali simpi. Nyepesi kabisa."

"Hiyo kahawa, ili iwe nyepesi, unatia nini?"

"Sitii kitu. Mashine ndiyo inayotia."

"Inatia nini?"

Bwana Povu akafungua kinywa. Alikuwa na jibu. Mtu wa kazi yake hawezi kukosa jibu la swali kama hilo. Nyuma ya mashine kuna tangi la plastiki. Kila asubuhi hulichomoa, hulipeleka bombani, hulijaza mpaka mstari wa juu, hulifuta kwa kitambaa, hulirudisha. Kila jioni hulikuta limeshuka. Mikono yake yenyewe ndiyo iliyokuwa ikibeba tangi lile.

Viganja vikashuka. Muuguzi hakumgombeza. Alimwachia mkono, akaenda kwa mgonjwa wake, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Walimsafisha jioni ile ile, kwa dharura. Binti alifika na harufu ya mvuke na sabuni kwenye nguo, akazungumza na muuguzi pembeni, na Bwana Povu aliona mgongo wake ukinyooka kidogo kidogo, kama shati linavyonyooka chini ya pasi. Muuguzi alisema mama atapona safari hii. Maneno mawili ya mwisho aliyasema taratibu.

Wakasimama kila mmoja upande wake wa kitanda. Mama amelala nusu ameketi, barakoa usoni, macho yamefumbwa, mipira ya damu ikiingia na kutoka mkononi.

"Kuanzia kesho mama anahamia kwa mama mkubwa," binti akasema.

"Kwa dada yake? Yule anayelala saa zote?"

"Akilala hatabonyeza kitu."

"Mwanangu, mimi sikujua."

"Nilikwambia, baba! Nilikwambia nikiwa sijavua hata viatu. Ulikuwa unapangusa ile takataka yako."

"Ulisema maji."

"Na kahawa inatengenezwa kwa nini, kwa mchanga?"

Bwana Povu akaona aibu ikimpanda shingoni, na mtu mwenye aibu hushika silaha yoyote iliyo karibu. "Wewe ndiye uliyempunguzia. Umemwaga maji ya mama yako kwenye sinki, anakutazama. Ungemwachia chupa yake, nisingeongeza."

"Nilipunguza kwa sababu uliongeza!"

"Niliongeza kwa sababu ulipunguza!"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akavuta shuka mpaka masikioni. Binti akashusha sauti, lakini maneno yakawa makali vile vile.

"Masikini hakujua anachokunywa. Alikuamini. Ungempa mafuta ya taa angekunywa, kwa sababu umempa wewe."

Juu ya kitanda, mkono usio na mipira ukainuka. Ukaipata barakoa, ukaivuta kando.

"Nilijua," mama akasema.

Wakamgeukia wote wawili.

"Siku ile ya daktari mimi nilikuwa humo ndani. Au mmesahau?" Akavuta pumzi. "Kikombe kikubwa ni maji. Tangu cha kwanza nilijua."

"Mama. Sasa kwa nini hukumwambia?"

"Kiu."

Binti akaweka kiganja mdomoni. Bwana Povu akatazama sakafu, akautazama ule mkono, akataka kuushika, akaogopa. Binti alilia mpaka akapata nguvu mpya.

"Ndiyo maana hawezi kurudi nyumbani. Mnafichiana. Anakwenda kwa mama mkubwa na mimi nitahamia huko."

"Haendi popote. Ni mke wangu."

"Ni mama yangu!"

"Alikuwa mke wangu kabla wewe hujazaliwa!"

"Na leo ulikaribia kuwa mjane! Mimi nachukua nguo zake usiku huu."

"Nguo utachukua, yeye utamwacha!"

"Nitamchukua!"

"Mbona mnanigawana kama urithi?" mama akasema. "Zilizokufa ni figo."